"Practice" au "practise"? Jibu kwa mama ambaye daftari la bintiye limerudi na wino mwekundu

*"Binti yangu yuko P.6 (darasa la sita la msingi) hapa Arua, Uganda. Juzi alirudi na daftari la Kiingereza. Alikuwa ameandika 'Practise makes perfect', mwalimu akalikosoa na kumkata maksi. Lakini chini ya ukurasa huo huo mwalimu ameandika 'Practise more!' Mtoto ananiuliza: kwa nini yeye akitumia s ni kosa, na mwalimu akitumia s ni sawa? Kaka yake wa S.3 (kidato cha tatu) anasema maneno ni yale yale, na kwamba simu inapiga mstari mwekundu chini ya 'practise' kila ukiliandika. Mimi mwenyewe nina kibanda cha kuchapa fulana, na kuna timu ya mtaa imeniletea maneno ya kuweka mgongoni mwa jezi: 'Practise makes man perfect'. Nahisi pana kasoro lakini siwezi kuieleza. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nimsaidieje mtoto, na hao vijana niwaambie nini?"*

Mama, tuanze na lililomkwaza mtoto, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yatafunguka. Mwalimu hakujichanganya. Alikuwa sahihi alipomkosoa na alikuwa sahihi alipoandika "Practise more!" Binti yako naye hakukosea kushangaa: macho yake yameona herufi ile ile ikikataliwa juu na kukubaliwa chini, na hakuna aliyemweleza sababu.

Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule za Uganda hufuata, kina maneno mawili hapa. "Practice" yenye c ni nomino, yaani jina la jambo: mazoezi, desturi, utendaji. "Practise" yenye s ni kitenzi: kufanya mazoezi, kujizoeza. Sasa tazama methali yenyewe. "Practice makes perfect" tayari ina kitenzi chake, "makes". Kinachofanya hiyo kazi ya "makes" ni mazoezi, na mazoezi ni jina la jambo, basi ni c. "Practise more!" ni amri: jizoeze zaidi. Hapo hakuna kitenzi kingine, neno lenyewe ndilo kitenzi, basi ni s.

Kinachowaponza wanafunzi wengi ni kwamba maneno yote mawili hupenda kukaa mwanzoni mwa sentensi. Kuna hata methali nyingine inayoanza kwa sauti hiyo hiyo lakini huandikwa kwa s: "Practise what you preach", yaani uyatende unayoyahubiri. Mtoto aliyekariri moja huivamia nyingine. Kwa hiyo mpe kipimo hiki: aweke "You must" mbele ya neno na asome. "You must practise more" inasimama. "You must practise what you preach" inasimama. "You must practise makes perfect" inaanguka chini, na hata mtu wa Kiingereza cha kuombea maji anasikia kwamba haijakaa. Ikisimama, s. Ikianguka, c. Kipimo hiki ni cha neno lililo mwanzoni mwa sentensi. Katikati ya sentensi kuna kingine nitakachokupa.

Kabla ya hapo, neno kuhusu matamshi, maana kuna watu wenye nia njema wanaowafundisha watoto kwamba "practise" hutamkwa "praktaizi" ili litofautiane na mwenzake. Si kweli. Yote mawili hutamkwa sawa, kwa s laini mwishoni, na silabi ya mwisho ni fupi. Sikio haliwezi kukusaidia kuyatenganisha, na ndiyo sababu hata Waingereza wenyewe huyakosea.

Lakini kuna jozi nyingine ambayo sikio linaisaidia: "advice" na "advise". Nomino "advice", ushauri, huishia kwa sauti ya s. Kitenzi "advise", kushauri, huishia kwa sauti ya z ingawa kimeandikwa kwa s. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu s na z hatuzichanganyi. Hakuna anayesikia "sana" akadhani ni "zana". Basi mtoto akikwama katikati ya sentensi, aondoe "practice" na kuweka mojawapo ya hayo mawili kwa sauti. "I need more advice": panahitajika sauti ya s, kwa hiyo huandikwa "I need more practice", kwa c. "They advise every evening": sauti ya z, kwa hiyo "They practise every evening", kwa s. Maana itakuwa ya ajabu kidogo, haidhuru. Tunachotafuta ni kazi ya neno ndani ya sentensi.

Kaka yake wa S.3 hakutoa hoja yake hewani. Wamarekani huandika "practice" kwa c mahali pote, iwe nomino iwe kitenzi. Noah Webster, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1828, alitaka kitenzi kiandikwe kama nomino, kama vile "notice" lilivyo moja kwa kazi zote mbili. Simu nyingi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani, na ndiyo maana "practise" linapigiwa mstari mwekundu. Ingieni kwenye mipangilio ya kibodi ya simu, sehemu ya lugha, mchague English UK badala ya English US, na ule mstari utaondoka. Msitegemee zaidi ya hapo, kwa sababu mara nyingi simu itayapitisha maneno yote mawili hata yakikaa mahali pasipo pake: kwake yote ni tahajia halali.

Hata hivyo kaka asishangilie mapema. Katika methali hii hasa, Uingereza na Marekani zinakubaliana. Uingereza ni c kwa sababu ni nomino. Marekani ni c kwa sababu kila kitu ni c. "Practise makes perfect" haina nchi ya kukimbilia. Pale wanapotofautiana ni kwenye sentensi kama "I practice every day": sawa Marekani, si sawa katika Kiingereza cha shuleni kwetu. Ushauri wangu kwa mwanafunzi wa Uganda ni kushika mfumo wa Uingereza na kutouacha katikati. Atakayeandika "colour" na "centre" kwa njia ya Uingereza kisha "I practice" kwa njia ya Marekani, anayesahihisha ataona kosa, hataona Marekani.

Sasa mitego. Wa kwanza ni neno "to". Watoto hufundishwa kwamba baada ya "to" huja kitenzi, nao huandika s bila kufikiri. "She has to practise" ni kweli s. Lakini "Her success is due to practice" ni c, kwa sababu "due to" hufuatwa na jina: kwa sababu ya mazoezi. Hapo atumie "advice": "due to advice" inakubalika, "due to advise" haikubaliki.

Wa pili ni vile vifungu vilivyokwisha kuzoeleka: "in practice", kwa maana ya katika utendaji halisi, "out of practice", mtu ambaye mkono wake umepoa kwa kukaa bila kufanya, "put into practice", kutekeleza. Vyote ni c, daima. Na kinyume chake, neno likishaongezwa "-ing" au "-ed" katika mfumo wa Uingereza ni s: "practising", "practised".

Mfano mzuri upo Kampala. Mhitimu wa sheria akienda Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili, hutoka na stashahada inayoitwa "Diploma in Legal Practice", kwa c, kwa kuwa "practice" hapo ni jina la kazi ya uwakili. Akishaandikishwa kuwa wakili anahitaji "practising certificate", kwa s, kwa kuwa hicho ni cheti cha mtu anayeifanya hiyo kazi. Mtu yule yule, herufi mbili, na hakuna aliyekosea. Vivyo hivyo maswali ya kujipimia kabla ya mtihani ni "practice questions", lakini Mwislamu ashikaye dini yake ni "a practising Muslim". "Licence" na "license" hufuata kanuni hiyo hiyo, nomino c na kitenzi s, ingawa kwetu barabarani halitusumbui sana kwa vile tumezoea kusema "driving permit".

Mtego wa tatu unatokana na Kiswahili chetu, na naona haukemewi inavyostahili. Sisi tunasema "mazoezi", na "mazoezi" yako katika wingi: mazoezi haya, mazoezi mengi, mazoezi yanasaidia. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili huvuka na wingi huo hadi kwenye Kiingereza, akaandika "many practices" au "Practice make perfect" bila s kwenye "make". Kiingereza hakihesabu "practice" ya kujizoeza. Kinaichukua kama kitu kisichogawanyika, na kitu cha namna hiyo hupewa kitenzi cha umoja. Kwa hiyo "much practice", "a lot of practice", na "makes" yenye s yake mwishoni. Kiswahili kinazidi kumficha mtoto jambo hili kwa sababu ile "hu-" ya methali zetu haibadiliki: haba na haba hujaza kibaba, bandu bandu huisha gogo, iwe umoja iwe wingi. Wingi "practices" upo, lakini maana yake ni desturi au njia za kufanya mambo, kama "farming practices", mbinu za kilimo.

Ongeza hapo kwamba kitenzi "practise" kikifuatwa na kitendo kingine, kitendo hicho huchukua "-ing". "I practise reading", si "I practise to read". Hili nalo latoka kwetu, kwa vile Kiswahili husema "najizoeza kusoma" na ile "ku-" humvuta mtoto kwenye "to".

Nije kwenye "perfect". Katika methali ni kivumishi, na kwa Kiingereza kivumishi hicho hupigwa mkazo silabi ya kwanza: PER-fect. Kuna kitenzi kinachoandikwa vile vile, maana yake kukamilisha, ambacho mkazo wake uko silabi ya pili. Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, basi ulimi wetu hutamani kusema "pafékti", na msikilizaji wa Kiingereza akasikia kitenzi. Atakuelewa, lakini mtoto anayejiandaa kusoma kwa sauti mbele ya darasa afundishwe kuanza kwa nguvu.

Muundo wa methali hii nao si wa kuigwa. Kwa kawaida Kiingereza hudai utaje nani anafanywa awe hivyo: "Rain makes the road slippery", "Work makes me tired". Huwezi kusema "Work makes tired". Methali imeruhusiwa kuacha mtu nje kwa sababu imekaa hivyo kwa karne nyingi, na binti yako akijaribu kuunda nyingine kwa mfano wake katika insha, atakatwa maksi kwa haki.

Hapo ndipo inapoingia jezi ya vijana wako. "Practise makes man perfect" ina kosa moja lisilo na utetezi, ile s. "Man" ni suala jingine. Watu walihisi pengo la mtu nililolitaja, wakalijaza, na "Practice makes a man perfect" husikika sana India. Si sarufi mbovu. Ila si methali kama inavyosemwa Uingereza, na siku timu ikisajili mabinti itabidi jezi zibadilishwe. Nawashauri wachape PRACTICE MAKES PERFECT, maneno matatu, herufi ishirini, bila nukta mwishoni na bila alama za kunukuu. "Practice makes perfection" waiache. Inaeleweka lakini itasahihishwa na kila mwalimu atakayepita nyuma yao. Wakishikilia "man" kwa kuwa ni chaguo lao, heshimu, kazi ni yao, lakini s ibadilike kuwa c kabla hujakata chochote. Kama unatumia karatasi ya kubandika kwa pasi, herufi hukatwa zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, na kosa la herufi moja ni vigumu kuliona hapo. Toa nakala ya kawaida kwenye karatasi, nahodha aisome herufi kwa herufi, atie sahihi, ndipo uwashe mashine.

Kuhusu kumsaidia mtoto nyumbani, naomba jambo moja kwanza: asiandikishwe "practice" mara mia. Adhabu hiyo ingefaa kama angekuwa hajui herufi za neno. Binti yako anazijua zote mbili. Kinachomshinda ni kuchagua, na kuchagua hakufundishwi kwa kunakili, maana katika kunakili uchaguzi umeshafanywa na mtu mwingine.

Hata methali yenyewe ina mpaka wake. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki huko Berlin, wakasema waliobobea walitofautiana na wengine kwa mazoezi yenye lengo, yanayoandamana na masahihisho. Watafiti waliofuata wamebishana nao sana kuhusu ukubwa wa mchango huo, na ni haki kumwambia mtoto kwamba mazoezi si kila kitu. Lakini ukirudia kosa bila kusahihishwa, unajizoeza kosa.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na Kiingereza chako kinatosha. Kaka wa S.3 aandike sentensi kumi zenye nafasi wazi mahali pa neno: tano za c, tano za s, zikiwa zimechanganywa, pamoja na mtego mmoja wa "due to" na amri mbili za kuanza sentensi. Majibu aliyoyaandaa kaka yakaguliwe kwanza na mwalimu. Wewe ushike karatasi ya majibu. Mtoto asiseme herufi tu, aseme herufi na sababu, kwa Kiswahili ikimfaa: "ni c, kwa sababu kitenzi ni *makes*." Akitaja herufi sahihi bila sababu, usimpe tiki. Akikosa, msahihishe papo hapo, kisha mwendelee. Dakika kumi zinatosha. Rudieni kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kwa sentensi mpya kila mara, kwa sababu zile za jana atazikumbuka kwa sura tu.

Na akiizoea methali, afundishwe pia mahali pa kuisema. Humfaa anayejifunza ustadi: kuandika, kushona, kupiga penalti. Mtu aliyetoka kushindwa mtihani dakika hii usimtupie, hata iwe kweli kiasi gani. Itasikika kama unamwambia hakujitahidi.

Nenda shuleni umwone mwalimu wa Kiingereza ana kwa ana ikiwa maksi zinaendelea kupungua licha ya haya, ukiwa na daftari mkononi. Usiende kudai maksi ile irudishwe, maana ilikatwa kwa haki. Mwombe aeleze darasa zima kwa nini "Practise more!" yake ilikuwa s; bila shaka si mtoto wako pekee aliyejiuliza. Lakini ukiona tatizo ni pana kuliko c na s, kwa mfano mtoto anageuza b na d akiwa P.6, anaruka mistari akisoma, anakosea hata anaponakili kutoka ubaoni, au anaandika neno lile lile kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, hapo sentensi zangu kumi hazitamfaa. Apimwe macho kwanza, kwenye kituo cha afya chenye huduma hiyo. Macho yakiwa mazima, uliza shuleni au ofisi ya elimu ya wilaya kama yupo mwalimu aliyesomea mahitaji maalumu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kina kitivo kinachowaandaa. Ni afadhali ajulikane tatizo lake sasa kuliko akiwa P.7 na mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, uko mlangoni.